Blenda Jikoni na Bakuli la Mtoto

(Maelezo ya Afisa Lishe kwa wakazi wa kata, yaliyotolewa katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji)



Nimeombwa leo nizungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni matumizi ya blenda katika kuandaa chakula nyumbani. Tangu umeme ulipofika vijijini kwetu, chombo hiki kimeingia katika nyumba nyingi, ama kwa kununuliwa ama kwa kutolewa zawadi ya harusi. Kinasaga nyanya, kinaponda tangawizi na vitunguu saumu, na kinapunguza taabu ya kukuna nazi. Sikuja kukibeza. Nimekuja kwa sababu ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo aliletwa kliniki akiwa na umri wa miezi 9. Kadi yake ilionyesha kwamba kwa miezi 2 mfululizo uzito wake haukuongezeka. Mama yake hakuwa mzembe hata kidogo. Kila siku alichemsha ndizi, maharage, karoti na mchicha, akavisaga pamoja. Lakini blenda haikuzunguka vizuri mpaka aongeze maji, naye akaongeza. Kisha akachuja, akihofia mtoto asije akapaliwa. Nilipoomba kuona chakula hicho na kuinamisha kijiko, kilimwagika kama chai. Mtoto alikuwa akishiba maji.

Ndugu zangu, tumbo la mtoto mdogo ni dogo kweli. Kwa makadirio, mlo mmoja hupokea karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hupokea mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja. Kikombe hicho kikijaa maji, chakula kitapata nafasi wapi?

Kwa hiyo, jambo la kwanza: saga kwa maji machache, wala usitupe machicha. Kata vipande vidogo ili visu vipate kuvishika, na pale inapolazimu kulainisha, tumia maziwa, tui, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta, parachichi lililopondwa, au karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa. Kisha chota kijiko na kukiinamisha. Chakula kinachofaa hushikamana na kijiko na kudondoka polepole, hakichuruziki.

Jambo la pili ni kutafuna. Mtoto huanza chakula cha nyongeza anapotimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mwanzoni apewe chakula kilichopondwa. Afikapo miezi 8, wengi huweza kula vipande laini wanavyovishika kwa mkono, kama kiazi kilichoiva au ndizi mbivu. Afikapo miezi 12, huweza kula chakula cha familia kikiwa laini. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyezoeshwa uji wa blenda peke yake kwa muda mrefu huja kukataa chakula chenye vipande, na mlo ukageuka ugomvi wa kila siku. Tahadhari moja tu: karanga nzima na vitu vigumu vidogo asipewe, kwa maana vinaweza kumziba koo.

Jambo la tatu ni kuchambua kabla ya kusaga. Blenda huficha makosa. Karanga yenye ukungu ukiiona kwenye ungo utaitupa. Ikishasagwa huitambui tena. Karanga na mahindi yaliyopata ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu ya mahindi ilichukua maisha ya watu. Toa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, wala usizisage ukidhani zitapotelea humo. Dagaa nao waondolewe vichwa na mchanga, waoshwe, wakaushwe na kukaangwa bila mafuta ndipo wasagwe. Maharage yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe hadi yaive kabisa ndipo yaingie kwenye blenda. Kusaga si kupika.

Jambo la nne ni usalama wa mpishi. Mimi mwenyewe ninalo kovu mkononi. Nilijaza jagi kwa maharage yaliyotoka jikoni wakati huohuo, nikafunga mfuniko, nikawasha. Mvuke ulikosa pa kutokea, ukaurusha mfuniko, na supu ikaniunguza. Tangu siku hiyo huacha chakula kipoe kwanza, hujaza jagi chini ya nusu, na huachia upenyo mdogo juu, nikiufunika kwa kitambaa. Chomoa plagi kabla ya kugusa visu, hata kama umezima swichi. Usitumbukize visu katika beseni la povu, kwa maana mkono hauvioni. Zaidi ya hayo, usiendeshe mota mfululizo kwa muda mrefu. Saga kwa muda mfupi, pumzisha, endelea. Ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja.

Usafi nao una siri yake. Wengi huzungusha maji na sabuni ndani ya jagi, wakaridhika. Fungua kitako cha visu, utoe mpira uliopo chini yake. Hapo ndipo mabaki hujificha na kuchacha, kisha yakachanganyika na chakula cha kesho. Osha, suuza, kausha kila kipande peke yake. Chakula cha mtoto kilichosagwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kilichobaki bakulini baada ya mtoto kulishwa kisihifadhiwe. Vitunguu saumu vilivyosagwa na mafuta visiwekwe rafuni kwenye chupa. Viwekwe kwenye friji na visizidi siku 4, kwa kuwa humo huweza kuota vijidudu vyenye sumu kali isiyo na harufu.

Wapo wanaohofia uniti za LUKU. Hesabu ni hii: blenda ya wati 400 ikitumika dakika 10 kila siku, kwa siku 30 itakula uniti 2 hivi. Gharama yake ni ndogo.

Nao wasio na blenda wasijione wamepungukiwa. Kinu na mchi, uma, kijiko na bakuli safi vinamtosha mtoto, tena havidai maji ya ziada. Ninathubutu kusema kwamba mtoto niliyewasimulia angalinenepa zaidi kama mama yake angalitumia uma.

Mwisho, nawaomba wazazi wote wenye watoto chini ya miaka 5 wahudhurie kliniki kwa ajili ya kupima uzito, na kina baba wasiliachie jambo hili mikononi mwa kina mama peke yao. Kadi husema mapema kabla macho hayajaona. Mwenye swali kuhusu chakula cha mtoto na amfuate mhudumu wa afya wa kijiji chake, au aje nacho kwenye bakuli kama alivyofanya mama yule, hakuna atakayemcheka.

Mama yule hakuiuza blenda yake. Alipunguza maji, akaacha kuchuja, akaongeza karanga na dagaa. Mwezi uliofuata alirudi, na mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kupanda.