Saa za Mwalimu wa Nyumbani

  Leo tunazungumza na mzazi anayesomesha wanawe wawili nyumbani.

Shule zilipofungwa nchini Kenya Machi 2020, nyumba nyingi ziligeuka madarasa ghafla. Wazazi wengi wakaiga kengele ya shule, mtoto akakalishwa mezani tangu asubuhi hadi alasiri. Kumbe hata shuleni kipindi cha Gredi ya 2 ni dakika 30 tu, na cha Gredi ya 5 ni dakika 35. Tena mwalimu wa darasani huenda ana watoto 40. Wewe unao wawili. Vipindi vinne vya utulivu vinafika mbali.

Jaribu hivi. Saa mbili asubuhi, vyombo vya chai vikishaoshwa, anza na hisabati, akili ingali mbichi. Mkubwa akifanya zoezi peke yake, msomeshe mdogo, kisha wabadilishane. Saa nne waache wacheze nje, nawe uinjike maharagwe. Ukifika wakati wa wali, mwite mdogo apime vikombe vya mchele na maji: hiyo nayo ni hesabu. Alasiri iwe ya shughuli zako.

Jumapili jioni andikeni ratiba pamoja, muibandike ukutani. Acheni nafasi wazi, maana mtoto huugua na umeme hukatika.

Na kila usiku, mzazi, mwombe mwanao akueleze jambo moja alilojifunza. Akilieleza vizuri, siku yenu haikupotea.