Mboga Zinazopotezea Nguvu Juu ya Bati: Chakula, Vinywaji vya Nyumbani na Afya ya Macho

Mada kwa semina ya maafisa ugani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dodoma



Maana ya lishe bora mnaifundisha kila siku, sitairudia. Jicho linahitaji vitamini A ili lione penye mwanga hafifu na uso wake usikauke. Mtoto anayejikwaa jioni ilhali wenzake wanaiona njia apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Maini, mayai na maziwa vina vitamini yenyewe. Mboga za kijani, karoti, maembe na viazi lishe vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kupata mikrogramu 1 ya vitamini A huhitajika takriban mikrogramu 12 za beta-karotini, hivyo kwa anayetegemea mboga kila kinachopotea ni hasara.

Juisi ya karoti au embe inywewe pamoja na mlo wenye mafuta, ndipo karotini ifyonzwe vizuri. Uji wa viazi lishe utiwe karanga zilizosagwa. Juisi ya ubuyu, tunayoisifia hapa kwa kila jambo, ina vitamini C, si A. Na hakuna juisi inayoondoa mtoto wa jicho. Ugonjwa huo huondolewa kwa upasuaji.

Sasa niseme ninalolipigania miaka mingi: ukaushaji wa mboga. Dodoma na Singida tuna msimu mmoja wa mvua. Majani ya kunde, mlenda na matembele hujaa wakati huo, kisha huanikwa yaliwe kiangazi. Tazameni yanavyoanikwa: juu ya bati au mwambani, jua la saa sita, siku mbili tatu, mpaka kijani kinakuwa kama mabua ya mahindi. Rangi ile ikififia, karotini nayo imeharibika kwa mwanga, joto na hewa. Mtoto anashiba, lakini jicho linaambulia kidogo mno.

Njia bora haina gharama kubwa. Majani yaoshwe, yachovywe kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, yachujwe, yaanikwe kivulini penye upepo, yahifadhiwe gizani. Mafunzo mengi niliyoyashuhudia husisitiza ukavu na usafi, rangi haitajwi. Watu wa kilimo husema hilo ni la afya. Wa afya husema ni la kilimo. Siilaumu idara yoyote, ila mama kijijini anaumia katikati yetu.

Sisemi matone ya vitamini A yapunguzwe. Watoto wa miezi 6 hadi 59 waendelee kuyapata. Lakini mwenye miaka saba hayapati, na mjamzito hapewi dozi kubwa ya vitamini hiyo kwa kuhofia madhara kwa mimba. Hao wanategemea chungu cha nyumbani.

Napendekeza afisa ugani afundishe uanikaji wa kivulini mvua zikiwa bado zinanyesha. Mhudumu wa afya akitembelea kaya, aombe kuona mboga zilizohifadhiwa, aangalie rangi. Mboga kavu ziungwe kwa karanga. Shule zinazopika chakula cha mchana zinunue zilizobaki na kijani. Juisi isichukue nafasi ya mboga. Idara zetu mbili zitoe mwongozo mmoja, na narudia, neno kivulini liandikwe ukurasa wa kwanza.

Mvua zetu hukatika Aprili. Naomba mwongozo huo uwe umefika vijijini kabla ya hapo.