Kisima Kilikuwa Karibu

Wewe unayesoma gazeti hili la kumbukumbu nyumbani kwako, uwe upande wa Kenya au upande wa Uganda, neno hili ni lako pia.

Fungua Mwanzo 21. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Kwa hiyo yule aliyetolewa nyumbani pamoja na mama yake hakuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikuwa kijana. Walipewa mkate na kiriba cha maji, na maji yakaisha. Hajiri akamwacha chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa.

Jamani, vichaka vya leo tunavijua. Hapa Busia ni veranda za maduka na kando ya matrela yanayongoja kuvuka mpaka. Wanaolala huko tunawaita chokoraa, tunapita. Nataka tutazame mambo manne.

La kwanza ni sauti. Mungu alimsikia kijana pale pale alipolala. Sisi je? Kabla hujamhubiria, muulize jina lake, kwao ni wapi, na nini kilimtoa. Mmoja amefiwa na wazazi, mwingine amepigwa na baba wa kambo, mwingine alikosa karo, mwingine alidandia lori akidhani mjini kuna kazi. Ile gundi anayovuta inamsahaulisha njaa na baridi. Wapo wanaokimbilia kukemea pepo la ukaidi. Maombi ni sawa, mimi ni mwinjilisti, siwezi kukwambia usiombe. Lakini mpe uji kwanza, umsikilize.

La pili ni kisima. Biblia haisemi kisima kilichimbwa siku ile. Inasema macho ya Hajiri yalifunguliwa, akakiona. Na sisi tunavyo visima tusivyoviona. Namba 116 ni ya simu ya watoto, Kenya na Uganda pia, na kupiga ni bure. Kenya kuna afisa wa watoto katika kaunti ndogo, na kuna chifu. Uganda, makamu wa mwenyekiti wa LC1 ndiye mwenye jukumu la mambo ya watoto kijijini, na wilayani kuna afisa wa ustawi wa jamii. Ukimkuta mtoto aliyevuka mpaka, usimpakie kwenye boda boda umpitishe njia za panya, hata kama nia yako ni njema. Uganda ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu tangu 2009, na Kenya tangu 2010. Peleka habari kwa afisa, naye aongee na mwenzake wa ng'ambo.

La tatu ni mkono. Hajiri aliambiwa amwinue kijana na kumshika mkono. Hakuambiwa ajenge bweni. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunatamani michango ya maadhimisho haya ijenge makao ya watoto. Wapendwa, Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mpango wake wa 2022 hadi 2032 ni kuwarudisha watoto katika familia. Kuna sababu. Anayekulia bwenini hutoka akiwa na miaka 18 hamjui mjomba wala shamba la kwao.

Ombi langu ni hili: fedha hizo ziwe nauli. Watu wetu, wakiwa na afisa, waende kwa familia kabla mtoto hajarudi, wakae na wazee, wajue ugomvi ulikuwa nini. Kisha wamtembelee baada ya wiki moja, baada ya mwezi, na shule zikifunguliwa. Mtoto akirudishwa kwenye ugomvi ule ule, atakuwa stendi tena kabla ya Jumapili. Na kama nyumbani kuna hatari, tusilazimishe. Afisa atafute jamaa mwingine au familia ya malezi, na hapo ndipo wewe mpendwa mwenye nafasi unaweza kujitokeza.

La nne ni upinde. Ishmaeli alikua, akawa mpiga upinde. Alipata ujuzi! Kijana wa miaka 19 huwezi kumrudisha darasa la nne. Lakini kanisani tunao mafundi wa gereji, wa kuchomelea, wa cherehani, wa saluni. Kila fundi akichukua mmoja, si tutakuwa tumefanya kitu? Na umsindikize akatafute kitambulisho, maana bila hicho kila msako unamkuta yeye. Sarafu unayompa dirishani mwa gari inamsaidia kubaki pale pale. Ujuzi unamtoa.

Haya, tutoke na jambo moja mkononi. Kila tawi lichague watu wawili, mmoja Kenya na mmoja Uganda, wenye namba za simu za maafisa wa pande zote mbili. Majina yasomwe kanisani Jumapili ijayo, tuwaombee, tuwape nauli.

Kiriba kimekauka, ndiyo. Kisima kipo. Bwana atufungue macho tukione. Amina.