Ngitili Iwe ya Kijiji Kizima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa matawi ya Chama, Shinyanga)



Nimeombwa niseme juu ya ukame. Wako wenzetu wadhanio kuwa ukame ni shauri la mawingu tu, na kwamba kazi ya Chama ni kuiomba Serikali mahindi mvua ikikosa. Mimi sikubali. Mvua hatuwezi kuiamuru, lakini majani twaweza kuyalinda.

Nchi hii haikuzaliwa tupu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kuwamaliza mbung'o. Kisha likaja shauri la pamba, mapori yakageuka mashamba. Lakini tuseme kweli, ndugu zangu, tusiwatwike wakoloni mzigo wote. Katika kuhamia vijijini miaka ya 1970, sisi wenyewe tuliziacha nyuma ngitili za wazee wetu, zikaliwa na kukatwa kama mali isiyo na mwenyewe.

Kwa wageni waliomo humu nieleze. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zianzapo. Ng'ombe hawaingii. Yanafunguliwa kiangazi kikikaza, mwezi wa Julai au Agosti, tena kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, wagonjwa na maksai wa kulima. Hapo ndipo penye siri. Maksai akikonda hawezi kuvuta plau mvua ya kwanza. Shamba likichelewa, njaa ya mwaka ujao imekwisha pandwa.

Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mkazo ulikuwa miche ya kigeni ya vitaluni, nayo haikufaa sana. Baadaye ndipo wazee walipoulizwa. Visiki vilivyokuwa hai chini ya udongo vikachipua vyenyewe, dagashida ikatunga sheria, sungusungu wakalinda, mkosaji akatozwa faini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizidi hekta 300,000. Linganisheni na Kongwa! Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na mamilioni ya pauni walime karanga katika nchi kavu kwa mpango uliokatwa London. Mwaka 1951 wakauacha.

Sasa nifike penye ugomvi. Ngitili ziko za kijiji na ziko za mtu mmoja. Mwenye ng'ombe wengi hufunga eneo kubwa, akauza majani, akavuna nguzo na kuni. Simchukii. Lakini mjane mwenye mbuzi watatu aende wapi? Mama anayetafuta kuni aende wapi, ikiwa kila kichaka kina mwenyewe? Na mwenyewe huyo akiona bei ya mkaa mjini imepanda, nani atamzuia kufyeka kwa mwezi mmoja kilichokua miaka ishirini?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haiiruhusu Halmashauri ya Kijiji kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Silaha hiyo tunayo, nayo imelala kabatini. Nasikia watu wakinong'ona kwamba kumwuliza tajiri juu ya eneo lake ni kuleta fitina. Fitina ni kugawa pori usiku halafu kuwaita wananchi asubuhi wapige makofi.

Kwa hiyo nawaomba makatibu wa matawi: kabla ya mvua za Novemba, kila mmoja aone mkutano mkuu unaitishwa kijijini kwake. Mipaka ya ngitili ya kijiji itajwe kwa miti na mawe yanayojulikana, iandikwe katika muhtasari. Tarehe ya kufunga na ya kufungua iandikwe pia, na faini, na siku za kuokota kuni. Akina mama wawemo wanaopanga siku hizo, maana wao ndio wabebao. Nakala moja ya muhtasari ibaki ofisi ya kijiji, nyingine iletwe hapa wilayani tuisome pamoja.