Kuandika Kazi Uliyoifanya Nchi ya Nje

Leo tushike kalamu tuandike barua ya kuomba kazi.

Wazee wetu wengi wa Mbeya na Rungwe walikwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 ni Zambia. Baadhi walirudi na baiskeli, lakini ujuzi ulibaki kichwani. Wewe uliyetoka Kitwe, ukiandika tu, “Nilikaa Zambia miaka mitatu,” mwajiri atadhani ulikuwa matembezini. Andika hivi: “Tangu 2019 hadi 2022 nilichomea vyuma Kitwe. Niliongoza watu wanne. Najua Kibemba.”

Kibemba usikifiche! Malori ya Zambia hupita hapa Mbeya, na mwenye gereji anataka mtu wa kusemezana na madereva.

Kama bwana wako wa zamani alikupa barua, ambatisha nakala. Ile yenyewe ibaki nyumbani.