Jeraha la Nafsi katika Mizani ya Hukumu



Napenda kusema machache juu ya jambo ambalo watu wa nchi hii ya Uganda wamelijadili kwa uchungu: je, mtu aliyejeruhiwa nafsi yake utotoni, kisha naye akajeruhi wengine, apunguziwe adhabu?

Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army mwaka 1987, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, njiani kwenda shule. Akalelewa na bunduki. Alipokuwa mtu mzima akawa kamanda, na katika mashambulizi aliyoyaongoza pamoja na wenziwe, watu wa kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok waliuawa na kutekwa. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague, ilimtia hatiani kwa makosa 61.

Hapa yataka tutenge mambo mawili, maana wengi huyachanganya. Mawakili wake walidai kwamba akili yake ilikuwa na maradhi, kwa hiyo hana hatia kabisa. Majaji walikataa, waliona kwamba alipanga, akaamuru, na akajua alitendalo. Lakini ilipofika zamu ya kupima kiasi cha adhabu, waliutia utoto wake mizanini. Mtoto yule alikuwa ametendewa maovu yale yale ambayo baadaye aliwatendea watoto wa wenziwe.

Wawakilishi wa waliodhulumiwa waliomba kifungo cha maisha. Mawakili wake waliomba miaka 10. Tarehe 6 Mei 2021 akahukumiwa miaka 25, naye jaji mmoja kati ya watatu alitaka iwe 30.

Mimi naona majaji walisibu. Wapo waulizao, na wana haki kuuliza: mbona watoto wengi waliotekwa kama yeye walitoroka, au walibaki porini wasipate kuwa makamanda? Swali hilo ni zito, hasa likiulizwa na mama wa Lukodi aliyezika wanawe. Ndiyo maana adhabu ilipunguzwa, haikufutwa.

Rufaa yake ilikataliwa tarehe 15 Desemba 2022. Mwaka 2023 alipelekwa Norway kumaliza kifungo chake, baada ya kutolewa muda aliokwisha kukaa mahabusi tangu Januari 2015.