Maandishi ya Pembeni: Msomaji wa Riwaya ya Kiswahili na Neno Lake



Nimekuja na kitabu kimoja mkononi. Ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyotoka mwaka 1980. Jalada liling'oka likarudishiwa kwa gundi, na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai. Niliinunua Dar es Salaam kwa muuza vitabu aliyetandaza turubai lake kando ya barabara. Nyumbani nilikuwa na nakala mbili safi. Hii niliitolea pesa kwa sababu ya ukurasa mmoja tu. Pale Maimuna, binti aliyetawishwa na baba yake, anapotoroka nyumbani, mtu ameandika pembeni kwa penseli: “Maimuna, rudi ndani!” Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mwingine: “Arudi kwa nani? Baba mwenyewe si ndiye huyo Maksuudi?” Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwandiko wa tatu, wima kama wa ubaoni: “Muhimu. Linatoka kwenye mtihani.”

Miaka mingi nimekaa na mistari hiyo mitatu. Wa kwanza alimwonea huruma msichana, akamwogopea. Wa pili alimjibu mwenzake, na jibu lake lina uzito kuliko hoja nyingi nilizozisikia kwenye semina zetu: alikataa kulihukumu kosa la binti kabla ya kuihukumu nyumba aliyoikimbia. Huo ni uhakiki kamili, umeandikwa na mtu tusiyemjua jina, katika nafasi ya upana wa vidole viwili. Wa tatu hakumjibu mtu. Leo nataka tuitazame njia iliyotutoa kwenye kalamu ya bluu ikatufikisha kwenye wino mwekundu.

Tukumbuke kwamba kwa jadi yetu msomaji ni mtu wa kujibu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikigombana, na shairi lililoachwa bila jibu lilikuwa shairi lililoshinda. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, wasomaji waliyachukua mashairi ya toleo lililopita wakayajibu katika toleo lililofuata, kwa vina vilevile, wakitajana majina. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, ugomvi uliozuka haukuwa wa maprofesa peke yao. Mtu mwenye shamba lake, ufundi wake na msikiti wake alijiona ana haki ya kusema hili ni shairi na lile silo.

Riwaya haikupata baraza la namna hiyo. Iliingia kwa mlango mwingine: mashindano ya uandishi, ofisi za wahariri, na darasa. Idara ya uchapishaji ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, iliundwa mwaka 1948, na ni kwa kushinda shindano lake ndipo Muhammed Said Abdulla alipotupatia mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na msomaji akasubiri hadi mwaka 1968 kuiona Utubora Mkulima. Mwenye kuamua nini kitoke, na lini, alikuwa mbali na mwenye kusoma.

Hata hivyo watu walisoma, na walisema. Nimelelewa katika nyumba ambamo nakala moja ya riwaya ya upelelezi ya Elvis Musiba ilikuwa na foleni. Kaka yangu, kondakta wa basi, ndiye aliyekuwa akija nayo, na aliyekimaliza kitabu alilazimika kukisimulia kwa wale ambao zamu yao haijafika, lakini asiguse mwisho. Pale ukumbini Willy Gamba wa Musiba aliwekwa mizani na Joram Kiango wa Ben Mtobwa usiku mzima. Nani ana akili zaidi? Kwa nini Joram hamwoi yule dada? Mbona adui huyu amekamatika kirahisi, mwandishi amechoka? Swali hilo la mwisho aliuliza mama yangu, ambaye hakujua kusoma. Alikuwa akisikiliza tu huku akichambua mchele. Alikuwa ameona kwamba sura ya mwisho imeharakishwa.

Nilipofika chuo kikuu nikafundishwa kwamba vitabu vile ni “riwaya pendwa”, na kwamba kazi yetu ni “riwaya dhati”. Istilahi hizo zina matumizi yake, sizikatai. Ninachokataa ni jinsi tulivyozifanya kuwa ukuta. Tukishasema kitabu ni pendwa, hatukumuuliza tena msomaji alikipendea nini, kana kwamba kupenda si hukumu.

Kwa Kezilahabi jambo hili lina uzito wa pekee. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Ilimweka mezani Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe anayemchunga binti yake Rosa kwa fimbo, ikamfuata binti huyo hadi shuleni na chuoni na kwenye kaburi lake. Ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaruhusiwa. Katika miaka ile ya marufuku haikukosa wasomaji. Ilisomwa mabwenini kwa tochi, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya daftari la hesabu. Nimezungumza na wanawake waliokuwa wasichana wakati huo, na hakuna hata mmoja aliyeanza na mambo ya kitandani, ambayo ndiyo yaliyowatisha wakubwa. Wameanza na Zakaria. “Yule alikuwa baba yetu sote,” aliniambia mmoja, muuguzi mstaafu. Hilo ndilo lililowashika, na sijalikuta limesemwa hivyo mahali popote katika rundo la tahakiki ninazowapa wanafunzi wangu.

Kisha zikaja Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Vitabu vyembamba, vigumu, vinavyoacha njia ya kawaida ya kusimulia, na sisi wasomi tukavipokea kwa furaha kubwa. Mimi mwenyewe nimevifundisha kwa miaka. Mwaka fulani, mwanafunzi mtu mzima, mwalimu wa sekondari aliyerudi kusoma, alinyanyua mkono akasema: “Mwalimu, Nagona nimeisoma mara tatu, na mara zote nimetoka na njaa.” Nikamwambia hiyo ni hisia, si hoja, alete hoja. Akakaa chini, na muhula mzima hakusema tena. Nilikosea. Alikuwa amenipa hoja: kwamba kitabu kinamwita msomaji karamuni, na kwamba msomaji ana haki ya kusema kama ameshiba. Ningemwuliza njaa ya nini, tungefika mbali. Pengine angeniambia kwamba amekosa mtu wa kumfuata kama alivyomfuata Rosa, na hapo tungekuwa katikati ya swali gumu kuliko yote juu ya riwaya za mwisho za Kezilahabi.

Sasa niseme juu ya soko, kwa sababu kimya hiki cha msomaji kina wenyewe. Mchapishaji wa vitabu vya Kiswahili hapa kwetu anaishi kwa shule. Karatasi ni ghali, maduka ni machache, na muuzaji naye anataka fungu lake. Kitabu kinapoingia kwenye orodha ya vitabu teule, kinauzwa kwa maelfu bila mtu hata mmoja kuamka asubuhi akasema nakitaka. Kenya wameziona Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na baada yake Chozi la Heri ya Assumpta Matei zikishika nchi nzima kwa miaka kadhaa, na pembeni ya kila moja ikaota miongozo: muhtasari, wahusika, dhamira, maswali na majibu. Wanafunzi wengi huununua mwongozo kwanza. Kipindi kikiisha, riwaya huondoka dukani kana kwamba haikuwahi kuwapo. Mnunuzi wa kitabu cha namna hii huwa si msomaji. Kwa hiyo mchapishaji hana sababu ya kibiashara ya kusikiliza msomaji anasema nini, hata akiwa mtu mwenye mapenzi mema. Na wenye mapenzi mema wapo: Walter Bgoya, baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na ni huko ilikotoka Peponi mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alipopewa Nobel mwaka 2021, tulibishana kwa wiki nzima kama ni wetu au ni wa Uingereza. Tulijadili pasipoti yake kwa sababu vitabu vyake hatukuwa navyo mikononi.

Wakati sisi tukibishana hivyo, msomaji amekwishahama. Wenye umri wangu wanaikumbuka riwaya ya gazetini: “Ilipoishia wiki iliyopita”, kisha “Sasa endelea”, kisha mtu anabaki ameshika kitasa cha mlango hadi wiki ijayo. Riwaya hiyo sasa iko kwenye simu. Mwandishi anaachia sehemu kumi bure, halafu anaweka namba yake: anayetaka kuendelea atume elfu moja.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, Morogoro. Amenionyesha simu yake. Katika hadithi moja aliyoilipia, mtoto wa miaka minane alimwambia baba yake maneno marefu ya busara juu ya ndoa. Mama mdogo alimtumia mwandishi ujumbe wa sauti, nami nimeusikia, cherehani ikilia nyuma yake: “Mwanangu, hadithi yako tamu. Ila mtoto wa miaka minane haongei hivyo. Huyo ataomba maji ya kunywa, kisha ataangalia pembeni.” Sehemu iliyofuata, mtoto aliomba maji. Mistari miwili tu, na chumba kizima cha hadithi kikabadilika. Wahariri wengi wa kulipwa wasingeliona lile. Mama mdogo ameliona kwa sababu amelea watoto saba, na kwa sababu pesa iliyotoka ni yake.

Najua ubaya ulioko huko. Wasomaji humzuia mwandishi kumuua mhusika ambaye alipaswa kufa, naye hukubali, na hadithi inavutwa kama ugali usioiva. Tahajia hazikaguliwi. Kuna wanaonunua mara moja wakasambaza kwa mia mbili, na huo ni wizi wa jasho la mtu. Lakini linaloninyima usingizi ni jingine: simu ikiharibika, hadithi na maoni yake yote vinapotea. Mambo Leo tunaweza kulifungua hata leo tukawasikia wasomaji wa enzi zile wakibishana. Mama yangu mdogo hatasikika.

Kwa hiyo nimeomba idara yangu ifanye kazi mbili, na imekubali. Ya kwanza ni kurekodi wasomaji, kwa ridhaa yao: wanasoma nini, wanamwambia nini mwandishi, na mwandishi anafanya nini baada ya hapo. Ya pili ni ya haraka. Maktaba moja ya shule inaondoa nakala chakavu za riwaya ili kupata nafasi, na tumeruhusiwa kuzipitia kabla hazijapelekwa kuchomwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu watapiga picha kila ukurasa wenye mwandiko wa mkono, hata kama ni neno moja, hata kama ni tusi. Tunaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi, na rafu ya kwanza ni ya Rosa Mistika. Aliyewahi kusoma shuleni hapo na anaukumbuka mwandiko wake, tutafurahi kumpokea.